Karoti Zilizopigwa Pasi

Mwanzoni sikumtaka. Afadhali niseme mapema, maana siku hizi mtaa mzima unaamini mimi ndiye niliyemwalika, nami nimewaacha waamini hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyostahili.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na bustani iliyo nyuma ya madarasa ni mzigo wangu. Kila mwaka baridi inapokatika na miti ya uani inapoanza kutoa majani mapya, mwalimu mkuu huniita ofisini, hunikabidhi pakiti za mbegu na majembe yenye mipini inayocheza, kisha hunikumbusha kwamba wazazi watakuja kutembelea shule kabla muhula haujaisha. Mwaka ule alinipa na nyongeza. Alikuwa ameomba watu wa mtaa wajitolee kusaidia bustanini, na walikuwa wamejitokeza wawili. Mmoja alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mzee mcheshi ambaye wanafunzi walimwita Mzee Breki kabla hajamaliza kujitambulisha. Wa pili alikuwa fundi cherehani.

Huyo nilimjua tangu utoto. Alinishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule, akanishonea suti ya harusi, na hapo katikati akanitia viraka visivyo na idadi. Alijua kiuno changu kimeongezeka inchi ngapi tangu nioe, na hakuwa mtu wa kuficha habari kama hizo. Mimi nina hasira za karibu, mke wangu atathibitisha, na nilikuwa na wanafunzi arobaini wa darasa la tano ambao bado walinihofia kidogo. Sikuona faida ya kuleta mbele yao mama aliyewahi kunipiga kofi kwa kutotulia wakati wa kupimwa suruali.

Chumba chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka shuleni. Mbele palikuwa duka, nyuma alilala na kupika, na kati ya hayo mawili palining'inia pazia alilolishona kwa vitambaa vya mabaki. Alikaa kwenye kile kiti cha mbele miaka arobaini na nane. Kisha macho yakaanza kumgomea. Kwa muda aliwazunguka wateja kwa ujanja: kila asubuhi alichomeka sindano kumi kwenye mto mdogo wa sponji, akakaa mlangoni, na mtoto wa kwanza kupita akienda shule alitiwa mto huo mkononi na kuombwa azitunge uzi zote kumi. Lakini siku moja alimshonea mtu shati lenye kola nje ndani. Mwenye shati hakugundua, alilivaa hadi kanisani. Aliyegundua ni yeye mwenyewe, alipolishika begani mwenye shati akimpita, na jioni ileile akaufunga mlango wa duka.

Mwanawe wa pekee alikuwa fundi umeme katika mji wa mbali, safari ya nusu siku. Alimletea pasi mpya ya umeme kama zawadi ya kustaafu, pasi nzito nzuri yenye sehemu ya kutia maji, jambo lililotuchekesha sote kwa sababu ni sawa na kumpa dereva mstaafu lori. Miezi michache baadaye mama yule aliteleza jikoni akalala sakafuni tangu alfajiri hadi mchana, mpaka muuza mkate wa jirani alipogonga na kukuta kimya. Hakuvunjika mfupa, ila mwanawe alivunjika moyo. Akaja na kusema imetosha, mama atahamia kwake. Mama akakataa. Wakavutana wiki nzima kwa simu, na kila aliyepita dukani kwa muuza mkate alisikia upande mmoja wa mazungumzo.

Mwisho wakapatana hivi. Mwana angempa mama muhula mmoja. Kwa kuwa mama alikuwa ameshajiandikisha kwenye bustani ya shule ili athibitishe kwamba bado ana kazi ya kufanya hapa mjini, mwana angekuja siku ya wazazi ajionee. "Ukikuta karoti nilizopanda na watoto, unaniacha," mama alimwambia. "Usipozikuta, nitapanda mwenyewe gari lako bila kusukumwa." Haya aliyasema mbele ya muuza mkate, kwa hiyo kabla ya jua kuzama mtaa wote ulikuwa umeyapata, na mimi nikajua kwamba karoti za mwaka ule si za kuchezea.

Akaja bustanini Jumatatu, futi ikiwa shingoni, chaki bapa ya fundi mfukoni, na kiti chake cha kukunja kwapani. Magoti hayakumruhusu kuinama, kwa hiyo alikaa pembeni na kutoa amri. Tulikuwa tumeandaa matuta matano, manne upande wa geti na moja nyuma ya tangi la maji, nami niliyaonea fahari. Akaagiza watoto wawili wayapime kwa futi, mmoja huku na mmoja kule, naye akisomewa vipimo. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa upole kwamba tuta la tatu ni pana kiunoni kama mimi. Darasa zima lilianguka kicheko. Kufikia saa nne alikuwa ameshakuwa Bibi Futi, na mimi nilikuwa nanyoosha tuta la tatu kwa reki.

Hasira ilinichukua siku mbili kunitoka, lakini nikiri kwamba ilitoka. Watoto waliojificha chooni kila kipindi cha bustani sasa walikuwa wa kwanza kufika. Aliwafundisha kukaza kamba kati ya vijiti viwili hadi ilie ukiigusa. Aliwakataza kuchimba kabla ya kuweka alama ya chaki kwenye ubao wa pembeni. Mzee Breki naye alisukuma toroli la samadi akirudi kinyumenyume na kutoa mlio wa tahadhari kwa mdomo, na aliyesimama njiani alipigiwa honi hadi aruke. Jua lilikuwa jepesi, mvua za rasharasha zilikuja mchana na kuondoka, na udongo ulinukia vizuri. Sikumbuki majira mengine ambayo nilifika kazini kabla ya kengele kwa hiari yangu.

Tatizo letu la miaka yote lilikuwa mbegu zenyewe. Mbegu ya karoti ni ndogo kama chembe ya vumbi. Mpe mtoto mbegu kiganjani, atazimwaga zote mahali pamoja, na zikiota zinasongamana na kukupa karoti nyembamba kama njiti. Nilimweleza Bibi Futi hayo. Akaniomba nimtilie chache kiganjani, akazisugua kwa kidole gumba muda mrefu, na nikaona kwamba hazioni kabisa, anazipapasa tu. Akaomba gazeti.

Wazo lake lilikuwa hili. Tukate gazeti vipande vyembamba virefu, upana wa vidole viwili, tuviite mikanda. Tukoroge gundi ya unga wa ngano na maji. Kila baada ya vidole viwili tuweke tone la gundi, na juu ya tone mbegu moja tu, inayookotwa kwa njiti ya kiberiti iliyolowa. Mkanda ukishakauka unalazwa kwenye mfereji, unafukiwa, gazeti linaoza lenyewe, na karoti zinatoka moja moja kwa mstari. Nikajaribu kutafuta kosa, sikulipata.

Tukahamia darasani. Yeye aliweka alama za chaki kwenye kila mkanda, akipima kwa futi na kusoma kwa ncha ya kidole mahali ambapo shaba ya mwisho wa futi ilikuwa imepasuka. Watoto wakaweka mbegu, maana macho yalikuwa yao. Mikanda arobaini kwa watoto arobaini. Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuupata kwa kupiga meza. Msichana mmoja mwenye miwani, tuliyemwita Hakimu kwa sababu hakuna ugomvi uliopita bila yeye kutoa hukumu, aling'oa mbegu ya jirani yake na kuirudisha mahali pake kwa sababu ilikuwa nusu kidole nje ya alama. Bibi Futi akasema huyo ndiye angemrithi duka.

Sasa nafika pale nisipopapenda.

Mikanda iliyolowa gundi ilikunjamana. Mtu mwingine yeyote angeiacha. Lakini fundi cherehani hawezi kuvumilia kitu kilichokunjamana, na huyu alikuwa na sheria moja aliyoishi nayo miaka arobaini na nane: kazi haitoki mkononi kabla ya kupigwa pasi. Siku ya pili akaja na pasi yake mpya imefungwa kwenye taulo. Akaniambia nimtafutie umeme. Nami, mwalimu wa sayansi, nikaleta waya mrefu kutoka ofisini, nikauchomeka mwenyewe, nikajaribu na kidole kama pasi imepata moto. Nikatandika shuka juu ya meza. Ubaoni, nyuma ya kichwa changu, yalikuwepo maneno ya somo la jana kwa mwandiko wangu, kwamba mbegu ni kiumbe hai na huhitaji maji, hewa na joto la kadiri. Mvuke ukapanda. Watoto wakapanga foleni, kila mmoja na mkanda wake, na pasi ikapita juu ya kila mkanda taratibu, kwenda na kurudi. Ikatoka mikanda iliyonyooka vizuri sana. Nilipiga makofi.

Walipobaki watoto wanane, kundi la akina Hakimu, umeme ukakatika. Tulingoja hadi kengele, haukurudi. Mikanda ile minane ikaanikwa dirishani, ikakauka imejikunja ovyo, na Bibi Futi aliionea aibu. Siku ya kupanda akaamuru mikanda iliyonyooka ikae kwenye matuta manne ya mbele, ambapo wazazi wangepita, na ile minane ikafichwe kwenye tuta la nyuma ya tangi. Hata huko hakuridhika. Akataka tuta lile lifunikwe kwa nyasi kavu, na akawaonya akina Hakimu wasilifunue mpaka atakapowaambia.

Wiki ya kwanza tulifurahi tu. Wiki ya pili tuliinama na kuchungulia. Kila asubuhi Bibi Futi alifika kabla ya kengele, akakaa kwenye kiti chake na kumuuliza mtoto wa kwanza aliyepita, "Kuna kijani?" Mtoto aliangalia, akasema bado, Bibi. Akashukuru na kumwambia awahi darasani. Mzee Breki alimwagilia maji matuta yote matano kwa mpira mpaka nikamwambia tunalima karoti, hatufugi samaki. Wiki ya tatu ilipoingia na matuta ya mbele bado ni meupe, nilikwenda kwenye duka la mbegu na kumwambia mwenye duka maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilimwambia anauza takataka. Nilimwambia kuna mama wa watu anayehamishwa kwa sababu yake. Yule bwana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mbegu zile zimeota kwa kila mtu. Niliondoka bila kuaga.

Ijumaa, siku moja kabla ya wazazi kuja, nilipita kwake. Pazia la vitambaa lilikuwa limeshushwa na kukunjwa. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka na kufungwa kamba. Masanduku mawili yalikaa karibu na mlango, na mto wa sponji wenye sindano ulikuwa juu ya moja. Nilimwambia kwamba hakuna aliyemlazimisha kufungasha mapema hivyo, huenda mwanawe akaelewa.

"Nilimwahidi," akasema. "Sijawahi kumchelewesha mtu nguo yake. Sitaanza na mwanangu."

Nikakaa juu ya sanduku lile jingine. Ilinijia kwamba nitamkosa vibaya sana, nami sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwambia hivyohivyo, nitakukosa. Akanijibu kwamba nipunguze mkate wa jioni, suti ya harusi haina tena pindo la kutoa.

Jumamosi iliamka na jua. Mwanawe alifika mapema akiendesha pikapu tupu aliyoiazima kazini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati hata siku ya mapumziko, na alipoingia getini aliangalia nyaya za shule kabla ya kuangalia kingine chochote. Akamsalimu mama yake kwa kumshika mikono miwili. Wazazi wengine walikuwa wakizunguka madarasani. Sisi tulisimama mbele ya matuta manne: mimi, Mzee Breki, mama na mwana, na watoto kama ishirini hivi waliojua fika kinachoendelea na kujifanya wanapalilia. Hakukuwa na cha kupalilia. Hata magugu yalikuwa yametuogopa.

Mwana hakusema neno la kebehi. Alimwambia tu kwamba amejitahidi, na kwamba ni kawaida, umri unapofika mambo huanza kumponyoka mtu. Aliyasema kwa mapenzi, ndiyo maana yalichoma. Bibi Futi akaitoa futi shingoni, akaanza kuiviringisha kidoleni.

Hapo ndipo Hakimu alipotokea nyuma ya tangi, viatu vimejaa tope. Kundi lake lilikuwa limeamua lenyewe kuondoa zile nyasi kavu ili pawe nadhifu mbele ya wageni.

"Mwalimu," akasema, "tuta letu limeota."

Tulikwenda wote kwa mwendo wa watu wasiotaka kuonekana wanakimbia. Ilikuwa kweli. Mistari minane ya majani membamba ya kijani, yamesimama moja moja kama yamehesabiwa. Bibi Futi akauliza yameotaje. Hakimu akamwambia yameota vidole viwili, vidole viwili, mpaka mwisho, isipokuwa mahali pachache. Mama yule akamshika mwanawe mkono, akapiga magoti ambayo hayakuinama muhula mzima, na kupapasa mistari kwa ncha za vidole. Uso wake ulikuwa wazi kwa furaha. Kisha nikauona uso ule ukibadilika. Alikuwa akifikiri. Vidole vilitoka kwenye mmea, vikachimba kidogo kando, vikatoa kipande cha gazeti kilichojikunja.

"Hii ni ile minane," akasema polepole. "Ile ambayo haikunyooka."

Nilielewa sekunde ileile, na nilipata joto masikioni. Mbele yangu niliuona mvuke, foleni, na ubao wenye mwandiko wangu. Nikaona pia kwamba mwanawe hajaelewa chochote, na si lazima aelewe. Nikafungua mdomo na kuanza kueleza kwamba pakiti zilikuwa za aina mbili, na kwamba yule mwenye duka, kwa kweli, si mtu wa kuaminika.

"Mwalimu, acha," akasema. Akageuza uso kwa mwanawe, bado amepiga magoti. "Si mbegu. Ni mimi. Nilizipiga pasi, ile pasi yako. Nilitaka zinyooke, nikazipika."

Alikuwa amempa mwanawe ushahidi ambao hakuwa ameuomba. Nikajiona mdogo sana, mwalimu mzima nimesimama nyuma ya pakiti za mbegu. Nikasema kwamba pasi ile niliichomeka mimi, nikajaribu moto wake kwa kidole changu mwenyewe, na nikapiga makofi. Mtoto mmoja akasema yeye ndiye aliyeshika shuka. Mwingine akasema yeye alitia maji ya mvuke. Wakaanza kugombea, kila mmoja anataka sehemu yake ya kosa, mpaka Hakimu akanyoosha mkono kuwatuliza na kueleza wazi kwa faida ya mgeni: kundi lao ndilo lililobaki, na zamu yao ilipofika umeme ulikatika.

Yule mwana aliangalia nyaya juu ya tangi, akaangalia karoti, akaangalia nyaya tena. Bega lake likaanza kutikisika.

"Miaka ishirini natukanwa kwa sababu ya umeme kukatika," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia kukatika kwake kumemsaidia mtu."

Basi tukacheka. Mzee Breki alilazimika kulishika tangi. Bibi Futi alicheka akiwa palepale chini hadi futi ikamdondoka, akafuta macho kwa kiganja chenye udongo na kujipaka uso mzima. Lakini alipotulia, alimwomba mwanawe amwinue, akamwambia masanduku yako karibu na mlango. Tuta moja kati ya matano si kazi iliyokamilika, alisema, na yeye hatafuti kisingizio.

Hakimu akauliza kulikuwa na makubaliano gani. Mzee Breki akamweleza. Msichana akarekebisha miwani yake.

"Bibi alisema karoti," akamuuliza yule mwana, "au alisema matuta matano?"

"Alisema karoti," mwana akakubali.

"Basi ziko mia moja tisini na mbili. Nimehesabu."

Mwana alikuwa akiangalia kitu nyuma yetu. Wakati sisi tunazungumza, watoto wa matuta ya mbele walikuwa wameshachukua gazeti la mzazi fulani na kulikata mikanda kwenye benchi la uani. Mmoja alikuwa ameshaleta unga kutoka jikoni mwa shule. Walikuwa wamekaa wakitungoja, na aliye mbele akauliza Bibi anakuja saa ngapi kuweka alama, maana wao wakiweka zinakwenda upande. Akaongeza, kwa heshima zote, kwamba safari hii pasi isiletwe.

Mama akaangalia upande wa sauti ile, kisha upande wa mwanawe, asiende kokote.

"Mimi naogopa simu, Mama," mwana akasema kwa sauti ya chini. "Kila ikilia asubuhi najua umeanguka tena. Sitaki kukuhamisha, naogopa tu." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini kwangu kutwa nzima hakuna mtu. Mimi kazini, mke wangu kazini. Ungeharibu kitu, hata wa kukucheka hayupo."

Mama akamshika shavu, akamwacha alama ya udongo. Kisha akamtia njiti ya kiberiti mkononi, akamwambia macho yake bado mazuri, aache kuyapoteza kwa kulia, akae pale kwenye benchi aweke mbegu.

Akakaa. Mtu mzima na bisibisi yake kati ya watoto wa miaka kumi na moja, ulimi nje kidogo, akiokota chembe moja moja. Hakimu alimkagua na kumrudishia mkanda mara mbili. Mchana walipomaliza, Mzee Breki aliizunguka ile pikapu tupu kama mtu anayenunua, akapiga tairi teke, akauliza kama inabeba samadi. Ikabeba safari mbili kutoka zizi la mfugaji wa ng'ombe, Mzee Breki mwenyewe akiwa kwenye usukani, akipiga honi ya kweli kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

Jumapili fundi umeme alitandika waya kutoka chumbani kwa mama hadi dukani kwa muuza mkate. Aliweka vitufe vitatu vya kengele, kimoja kando ya kitanda, kimoja mlangoni, na kimoja jikoni, chini kabisa karibu na sakafu, mahali ambapo mtu aliyeanguka angefikia. Akajilaza chini mwenyewe kukijaribu. Na watoto wa darasa la tano wakapangiana zamu, kila asubuhi mmoja agonge mlango wa Bibi akienda shule. Yule wa Jumatatu alirudi na habari kwamba ametungishwa uzi sindano kumi, ingawa duka limefungwa.

Mimi, Jumamosi ileile kabla ya benchi kuanza kuweka mbegu, nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi mwenye duka la mbegu. Nilinunua pakiti nne, akaniuzia bila kuniangalia, na nilistahili.

Jioni ile ya Jumapili tulisimama mlangoni kumuaga mwana. Pazia la vitambaa lilikuwa limerudi mahali pake, na cherehani ilikuwa imefunguliwa kamba. Kabla hajawasha gari mama alimwambia asubiri, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye taulo. Mwana alikijua kabla ya kukifunua, akaanza kukataa kwamba zawadi hairudishwi. Mama hakubishana naye. Alifungua mlango wa abiria, akaiweka pasi kwenye kiti cha mbele, akaivutia mkanda na kuufunga, kisha akapapasa kuhakikisha umekaza.

"Nilikuahidi kwamba karoti zisipoota, kuna atakayepanda gari lako," akasema. "Nenda nayo."